Kwanza Kiti

Mwiba wa mgunga hauchagui tairi. Unatoboa la Probox iliyosheheni magunia ya muguka, unatoboa la bodaboda, na siku niliyokuwa nimeketi nje ya kibanda cha fundi wa baiskeli pale Gachoka ulikuwa umetoboa la mzee mmoja aliyefika na kiti chake cha magurudumu matatu, kile kinachoendeshwa kwa kuzungusha pedeli kwa mikono.

Fundi hakumshusha. Alimwita kijana wa bodaboda, wakainua upande mmoja wa kile chombo na mwenyewe akiwa juu yake, wakatia jiwe chini. Mzee akabaki amekaa mshazari, mkono mmoja umeshika nguzo ya kibanda, akiendelea kulalamikia bei ya ndengu kama mtu aliyeketi kwenye kochi lake nyumbani. Tyubu ikatolewa, ikajazwa upepo, ikazamishwa ndani ya beseni la maji yenye rangi ya chai. Povu likatoka mahali patatu. Viraka vya zamani nilivihesabu nikafika kumi na kimoja, nikaacha. Fundi akakwangua, akapaka solusheni, akapuliza, akabandika.

Mzee alilipa, akageuza chombo kuelekea barabarani. Pale kwenye mwinuko wavulana wawili wa shule walimkimbilia. "Mzee, tukusukume?" Akawapungia mkono wa hapana. Nilimtazama mgongoni akipanda. Mabega yake yalikuwa ya mtu anayeponda mawe kwenye machimbo, lakini kila pedeli ilipozunguka, kile chombo kilisogea futi moja hivi, kwa sababu kilikuwa kizito kama kitanda cha chuma.

Ndipo nilipomkumbuka Anne Wafula Strike, mwendeshaji wa mbio za viti vya magurudumu.

Gachoka iko kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Kiritiri, upande wa chini wa kaunti, ambako mvua ya Mlima Kenya hufika ikiwa imechoka. Huku ni kwa Wambeere: ndengu, mtama, mbuzi, muguka, na maembe msimu ukikubali. Zamani jina hili lilikuwa la eneo bunge zima, ambalo siku hizi linaitwa Mbeere Kusini. Sehemu ya umeme unaowasha nyumba za Nairobi inazalishwa hapo chini mtoni Tana, kwenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, jambo ambalo wenyeji wa huku hukukumbusha hata kama hukuwauliza.

Kuna takwimu moja ya Embu ambayo haisikiki sana kwenye mikutano ya siasa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye umri wa miaka 5 kwenda juu wanaoishi na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Kaunti iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko zote 47 ni Embu, kwa asilimia 4.4, ikifuatwa kwa karibu na Homa Bay. Na katika nchi nzima, tatizo lililotajwa na wengi zaidi lilikuwa la kutembea. Kwa hiyo kama kuna mahali Kenya ambapo mbio za viti vya magurudumu zingepaswa kuwa mchezo wa kawaida, kama voliboli au mbio za nyika, ni hapa. Mabega yapo. Nimeyaona.

Anne si wa huku. Alizaliwa Mei 1969 kijijini Mihuu, karibu na Webuye, katika Bungoma. Wafula, jina la baba yake, ni la Kibukusu, jina la mtoto wa msimu wa mvua. Alikuwa anatembea na kukimbia kama mtoto yeyote mpaka homa ilipomshika kabla hajatimiza miaka mitatu. Ilipoondoka iliondoka na miguu.

Ilikuwa polio, ugonjwa wa kinyama kwa namna unavyochagua. Virusi huingia kwa mdomo, mara nyingi kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Watoto wengi wanaovipata hawajui hata kama waliugua. Kwa kadiri ya mmoja katika kila 200, virusi hupenya hadi kwenye uti wa mgongo na kuua chembe za neva zinazotuma amri kwa misuli. Mguu hauambiwi tena cha kufanya, unanyong'onyea na kukonda. Lakini hisia zinabaki. Mtoto wa polio anasikia baridi, anasikia mchanga wa moto, anasikia mwiba ukimwingia, ila hawezi kuuondoa mguu wake pale ulipo.

Chanjo ilikuwepo. Ya sindano ilipatikana tangu 1955, na ile ya matone ya mdomoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kenya ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa chanjo mnamo 1980, miaka kama minane baada ya Anne kuugua. Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio tarehe 25 Agosti 2020, na ushindi huo mkubwa ulipita kimyakimya kwa sababu dunia nzima wakati huo ilikuwa imejifungia ndani ikihofia virusi vingine. Matone mawili ya kitu kichungu ulimini. Nikiyafikiria maisha ya Anne, naanza na hayo matone ambayo hayakufika Mihuu kwa wakati.

Kijijini hawakuwa na habari za virusi. Ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2010, jinsi majirani walivyosema nyumba yao imelaaniwa, jinsi alivyoitwa nyoka kwa kuwa alikuwa akijikokota chini kwa tumbo na mikono, na jinsi familia ilivyolazimika kuhama. Baba yake alikuwa mwanajeshi. Ni rahisi leo kuwacheka wale majirani. Sisi wenyewe, katika mji wowote wa Kenya, bado tunamsemesha msukumaji badala ya aliyeketi kwenye kiti: "Anaumwa na nini huyu?"

Hapa ndipo makala ya namna hii kwa kawaida huanza kutiririka maneno ya ujasiri, moyo wa chuma na kutokata tamaa. Nimeyasoma mengi na mengine nimeyaandika mimi, nami nayaonea haya. Yanamfanya msomaji ajisikie vizuri, kisha yanamwacha mwenye ulemavu palepale alipokuwa, akiwa na moyo wa chuma na kiti kisicho na tairi. Ukiyafuata maisha ya Anne kwa utulivu utaona kwamba kila hatua kubwa ilifunguliwa na kitu cha kushikika: mlango, chombo, jengo, gari. Ujasiri alikuwa nao tangu mwanzo, hata alipokuwa akiburuta tumbo kwenye vumbi la Mihuu. Haukumsogeza mbali.

Kitu cha kwanza kilikuwa shule. Alipelekwa Joyland, Kisumu, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu. Huko alikuta watoto wengine waliokuwa kama yeye, na kwa mtoto aliyeitwa nyoka hilo peke yake lilikuwa dawa. Kitu cha pili kilikuwa vyuma vya miguuni na magongo. Ambaye hajawahi kuvaa vyuma hivyo afikirie hivi: fito mbili za chuma zinazopanda kila upande wa mguu, mikanda ya ngozi inayofungwa pajani na chini ya goti, kiatu kizito kilichopigiliwa kwenye fito. Ukitaka kuketi, unafungua kufuli la gotini kwa mkono. Ukitaka kusimama unajinyoosha, unasikia kufuli likilia ta!, ndipo unajua mguu utakubeba. Jua likiwaka, chuma kinawaka nalo. Lakini uko wima, na anayezungumza nawe anakutazama machoni.

Kwa vyuma na magongo hayo alipita shule mpaka Chuo Kikuu cha Moi, akapata shahada ya ualimu, akaajiriwa kufundisha katika chuo cha ufundi Machakos. Sijui wasomaji wangapi wanaukumbuka mji wa Machakos wa miaka ya 1990: ngazi kila ofisi, choo cha shimo nyuma ya jengo, matatu ambayo kondakta wake anakuvuta ndani kwa mkono kabla gari halijasimama. Mwalimu aliyeishi katika mji huo akiwa na magongo mawili alikuwa mwanariadha tayari, hata kama hakuna aliyeshika saa ya kupima.

Machakos ndiko alikokutana na mwalimu Mwingereza aitwaye Norman Strike. Mtu huyu aliwahi kuwa mchimba makaa ya mawe na alishiriki mgomo mkubwa wa wachimba migodi wa Uingereza wa 1984 na 1985, na kama unajua Kiingereza kidogo utaona utani wa majaliwa uliomo, kwa sababu jina la ukoo wake maana yake ni mgomo. Walioana, na mwaka 2000 Anne akahamia Uingereza, katika mji wa Harlow, jimbo la Essex.

Alikuwa na miaka 33 alipoanza mbio, mnamo 2002. Hebu tukae kidogo kwenye umri huo. Mkenya anayekimbia kwa miguu akifika miaka 33 tunaanza kumuuliza lini atastaafu. Anne alikuwa ameishi Kenya zaidi ya miaka 30, amesoma shule maalumu, chuo kikuu, amekuwa mwalimu, na mchezo ambao mwili wake ulikuwa unaufaa alikutana nao Ulaya. Katika nchi inayojiita makao ya mbio duniani, mbio hizi hazikuwahi kumpitia mbele ya macho kama jambo ambalo yeye angeweza kulifanya.

Kiti chenyewe hakifanani na kile cha hospitalini, wala na kile cha mzee wa Gachoka. Kina magurudumu matatu. Mawili ya nyuma ni makubwa, na sheria zinataka yasizidi sentimita 70 kwa kipenyo. La mbele ni dogo na liko mbali, kwenye ncha ya bomba refu, kama pua ya ndege. Yale ya nyuma yamelazwa: juu yanakaribiana kugusa mbavu za mwendeshaji, chini yametanuka, ili chombo kisipinduke kwenye kona na mikono ishuke sawasawa bila kujikwaruza. Mwendeshaji hukunja miguu chini yake akapiga magoti, au akaikunja mbele, kifua kikalala karibu juu ya mapaja. Gia hairuhusiwi, mnyororo hauruhusiwi, wala mtaimbo wa kuzungushia. Ni mikono na duara dogo la chuma lililofunikwa mpira lililoshikizwa kwenye kila gurudumu.

Na duara hilo halishikwi. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea tukiwatazama kwenye televisheni. Kasi ikishapanda, hakuna kiganja kinachoweza kushika na kuachia kwa wakati, kwa hiyo mwendeshaji huvaa glavu ngumu kama kwato, anakunja ngumi, na kulipiga lile duara kwa upande wa kidole gumba: kulipiga, kulisindikiza kwenda chini, kuliachia, na kurusha viwiko juu nyuma ya mgongo kama kuku anayetaka kuruka. Pa, pa, pa. Kwenye uwanja mtulivu mlio huo unasikika hadi jukwaani. Akifika kwenye kona ya uwanja, hakuna muda wa kukata usukani. Kuna kijiti karibu na gurudumu la mbele ambacho mwendeshaji hukigonga mara moja kabla ya kona, gurudumu likajilaza lenyewe na kufuata duara la uwanja, kisha akakigonga tena kutoka, likanyooka. Ukichelewa kugonga umeingia njia ya mwenzako.

Waendeshaji hupangwa kwa madaraja kutoka T51 hadi T54, kulingana na misuli iliyobaki. Anne alikuwa T53. Mikono ya T53 ni mizima, lakini misuli ya tumbo na kiuno haimtii, hivyo hawezi kuinua na kushusha kiwiliwili ili kuongeza uzito kwenye kila pigo. Anayemtazama akiwa amelala juu ya magoti huenda akadhani amechoka. Pale ndipo alipo, na kazi yote inafanywa na mabega.

Bei ndiyo habari yenyewe. Kiti cha kawaida cha mashindano cha alumini huuzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola. Kwa pesa zetu hupati kimoja kwa bei ya bodaboda mbili mpya, na vya kaboni vinavyoendeshwa na mabingwa hata usiulize. Hujalipia glavu wala matairi, ambayo ni membamba na yasingemaliza siku moja kwenye miiba ya Mbeere. Kisha kiti hupimwa kwa mwili wa mtu, nyonga zake, urefu wa mapaja yake, kama suti. Cha kuazima kinakuacha na vidonda.

Mwezi Septemba 2004, miaka miwili tu baada ya kuanza, Anne alikuwa Athens kwenye Michezo ya Paralimpiki akivaa rangi za Kenya. Hutajwa kuwa mwendeshaji wa kwanza wa mbio za viti vya magurudumu kutoka Afrika Mashariki kufika huko. Jina lake la katikati ni Olympia, naye akaenda kushindana katika nchi iliko Olympia yenyewe. Mambo ya majina yana visa vyake.

Athens hiyohiyo, Mkenya mwingine alikuwa anavuma. Henry Wanyoike, ambaye haoni, alishinda dhahabu ya mita 5,000 na ya 10,000. Kenya ilikuwa imemjua tangu Sydney mwaka 2000, pale alipomvuta mwongozaji wake aliyeishiwa nguvu hadi kwenye utepe akashinda dhahabu. Nampenda Wanyoike kama kila Mkenya, na simpunguzii kitu ninaposema hivi: mkimbiaji asiyeona anahitaji viatu, kamba fupi na rafiki mwenye mapafu. Vitu hivyo tunavyo. Ukiangalia medali za Kenya kwenye Paralimpiki, utaona wasioona na wenye ulemavu wa mikono au wa upande mmoja wa mwili wakijitokeza tena na tena. Tokyo tulipata medali moja tu, shaba ya Nancy Chelangat Koech katika mita 1,500 za wasioona. Paris 2024 vilevile moja, fedha ya Samson Ojuka katika kuruka umbali. Katika medali hizo mbili magurudumu hayapo. Tumekuwa tukishinda pale ambapo mwili peke yake unatosha.

Ili kuelewa tunachokikosa, chukua mfano huu. Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, na nchi nzima tukapagawa, kwa haki. Miaka miwili kabla yake, mjini Oita, Japani, Mswisi Marcel Hug alikuwa amemaliza marathoni kwa kiti cha magurudumu kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Lau wangeanza pamoja, Hug angefika Kiptum akiwa bado na zaidi ya dakika 40 barabarani, akanywa maji, akabadilisha nguo, akahojiwa na televisheni, na Kiptum bado hajafika. Kasi hiyo inatoka mabegani.

Mchezo haukuanza hivyo. Uliota kutoka Stoke Mandeville, hospitali ya Uingereza ambako daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia utawala wa Hitler, aliwashindanisha wagonjwa wake 16 wa uti wa mgongo kwa kulenga mishale, tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa. Mbio za viti zilipoingia kwenye michezo hiyo, Tokyo 1964, zilikuwa za mita 60 tu, kwa viti vizito vya kawaida. Aliyefungua njia ndefu ni Mmarekani Bob Hall, naye wa polio tangu utotoni, aliyeomba kushiriki marathoni ya Boston mwaka 1975. Waandaaji walimwambia atapewa cheti cha waliomaliza iwapo atatumia chini ya saa tatu. Alimaliza kwa saa 2 na dakika 58. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko marathoni: akawa fundi, akaanza kubuni na kutengeneza viti vya mbio vya kuuza.

Tumrudie Anne. Mwaka 2006 alipata uraia wa Uingereza na akaanza kushindana kwa nchi hiyo. Wako Wakenya walionuna, kama tunavyonuna kila mwanariadha wetu akivaa rangi za Qatar au Bahrain. Mimi nilishindwa kununa. Mtu huchukuliwa na nchi iliyompa kiti. Sisi tulimpa bendera ya kuvaa Athens, na bendera haina magurudumu.

Uingereza alijenga zaidi ya mbio. Aliingia kwenye bodi ya riadha ya nchi hiyo na ya chama cha Paralimpiki, akaanzisha taasisi yenye jina lake ya kusaidia watu wenye ulemavu, hasa wa Afrika, na mwaka 2014 Malkia akamtunuku nishani ya MBE kwa kazi yake katika michezo ya walemavu na hisani. Ingekuwa filamu, ingeishia hapo, na muziki ungepanda.

Lakini Desemba 2016 alipanda treni kurudi nyumbani kutoka kwenye mkutano wa riadha. Choo cha wenye ulemavu kilikuwa kimeharibika. Hakuna kingine ambacho kiti chake kingeingia. Wafanyakazi walimshauri ashuke kwenye kituo cha njiani, lakini kushuka kunahitaji mtu wa kuleta ubao wa kuteremkia, na treni ilipofika hakukuwa na mtu. Safari ilikuwa ya saa tatu. Alijikojolea, mbele ya abiria, mwanamke wa miaka 47, mwanachama wa bodi ya riadha ya taifa, mwenye nishani ya Malkia. Alifika nyumbani akajisugua. Wiki chache baadaye, Januari 2017, alilisimulia gazetini kwa jina lake na picha yake, jambo ambalo wengi wetu tungelizika pamoja nasi. Kampuni iliomba radhi.

Nimelisoma tukio hilo mara nyingi kuliko habari za mbio zake zote. Hapo kuna bingwa, katika nchi iliyovumbua michezo hii, na kilichomwangusha ni mlango wa choo. Na sisi ambao hatuna treni hizo, tunafikiria vipi choo cha kituo cha matatu cha Kiritiri, au cha zahanati yoyote unayoijua wewe?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, haki ya usafiri wa umma, na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya hali yake. Vifaa vimetajwa humo humo kwenye sheria kuu ya nchi. Tangu 1958 tuna chama cha walemavu wa viungo, APDK, ambacho karakana zake zimetengeneza viti vya magurudumu vya kila siku kwa miaka mingi, hivyo si kweli kwamba chuma hatuwezi kukikunja hapa nchini. Mbio za Nairobi zina kipengele cha viti vya magurudumu, kilomita 21, na kila mwaka unawaona wanaume na wanawake wakizipiga kwa mikono, wengine kwa viti vya nyumbani kabisa, jasho likidondoka kwenye lami ya barabara kuu. Watu tunao, hata wa kupigiwa makofi tunao.

Mjini Embu kuna Uwanja wa Moi, ule uliokarabatiwa kwa ajili ya sherehe za Madaraka za Juni 2023. Kutoka Gachoka ni kama nusu saa kwa matatu, ukipata matatu ambayo dereva wake hatakutoza nafasi mbili kwa sababu ya kiti chako.

Nilirudi kwa fundi wiki iliyofuata, nikamwonyesha kwenye simu picha ya kiti cha mashindano. Aliichukua simu kwa vidole vyenye grisi, akaikuza picha, akaipindua, akaikuza tena. Aliuliza magurudumu ya nyuma yamelazwa hivyo kwa nini, nikamweleza. Akanyamaza. Akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na uma wa mbele wa baiskeli ya mtoto, wenye kutu, akaulinganisha na ile picha, jicho moja amelifumba.

"Hii ya mbele naweza," alisema. "Sasa hizi spoki za nyuma ndizo zitatusumbua. Hiyo pembe ukikosea, tairi linakula mkono wa mtu."

Akachukua chaki, akachora pembe hiyo kwenye ubao wa mlango wa kibanda. Akaifuta kwa kiganja. Akaichora upya, imelala zaidi kidogo.